Nyuzi Laki Moja kwa Sekunde Mbili

Fundi wa seva aliyeandika amri ya ps kwenye mashine ya Linux mwaka 2001 angeweza kukutana na orodha ya kushangaza. Programu moja ya Java, aliyoiwasha mwenyewe mara moja tu, ilijitokeza kwenye skrini mara kumi, ishirini au zaidi. Kila mstari ulikuwa na namba yake ya mchakato, na kila mstari ulidai kutumia kumbukumbu kiasi kilekile. Ukijumlisha safu ile ya kumbukumbu ungeweza kupata hesabu inayozidi RAM yote iliyomo. Mashine haikuwa na ubovu wowote. Zile zilikuwa nyuzi za programu moja, lakini kiini cha mfumo endeshi hakikuwa na namna ya kuzitambua kuwa ni nyuzi, kwa hiyo kiliziorodhesha kama michakato inayojitegemea.

Namna hali ile ilivyorekebishwa ni mojawapo ya hadithi ninazozipenda katika historia ya mifumo endeshi, maana walioshinda ni wale waliokuja na wazo jepesi kuliko wenzao.

Tuanze na vitu vyenyewe. Mchakato ni programu iliyo kazini pamoja na mali zake: eneo lake la kumbukumbu, mafaili iliyoyafungua, namba yake, ruhusa zake. Unix ilijengwa juu ya michakato tangu mwanzo, na sifa yake kubwa ni ukuta uliopo kati ya mmoja na mwingine, hata mmoja ukianguka jirani yake asihisi kitu. Uzi ni mkondo mmoja wa amri zinazotekelezwa ndani ya mchakato. Chukulia mchakato ni nyumba na nyuzi ni watu wanaoishi humo: wanapika jiko moja, wanachota maji pipa moja, na kumwongeza mtu ni rahisi kuliko kujenga nyumba ya pili. Ugomvi nao huanzia jikoni.

Hata hivyo kuna vitu vichache ambavyo kila uzi lazima uwe navyo peke yake. Cha kwanza ni hali ya rejista za prosesa, yaani umefika wapi na ulikuwa unakokotoa nini. Cha pili ni staki, eneo la kumbukumbu ambamo fanksheni huweka vigeu vyake vya muda. Halafu kuna vitu vidogo ambavyo wabunifu wa zamani hawakuvifikiria kabisa. Kimojawapo ni errno, kigeu ambamo maktaba ya lugha ya C huandika namba ya kosa pale mwito kwa kiini unaposhindikana. Katika Unix ya zamani kilikuwa kigeu kimoja kwa programu nzima. Sasa weka nyuzi mbili. Uzi wa kwanza ushindwe kufungua faili, na kabla haujasoma errno, uzi wa pili ushindwe kuunganishwa na mtandao. Wa kwanza utasoma kosa la mwenzake, na mwandishi wa programu atatafuta tatizo la mtandao kwenye diski hadi usiku wa manane. Ndiyo maana leo kila uzi una errno yake, na kwenye Linux ya prosesa za x86 zenye biti 64 huifikia kupitia rejista iitwayo FS, inayoelekeza kwenye eneo binafsi la uzi huo.

Kwa nini watu waitake taabu hii? Simu ya Android, ambayo kiini chake ni Linux, huchora skrini na kupokea miguso kwa kutumia uzi mmoja mkuu. Mwandishi wa app akiupa uzi huo kazi ya kusubiri mtandao, skrini hukwama, na mguso usiposhughulikiwa ndani ya sekunde 5 mfumo hutoa ule ujumbe ambao kila mwenye simu ameuona, kwamba programu haijibu. Kazi za kusubiri basi hupelekwa kwenye nyuzi za pembeni. Kwenye seva kuna sababu ya ziada. Mashine zenye prosesa zaidi ya moja zilianza kuenea miaka ya 1990, na programu yenye uzi mmoja hutumia prosesa moja tu kwa wakati, hata ukiinunulia kumi na sita.

Mwaka 1995 chama cha wahandisi cha IEEE kilipitisha kiwango 1003.1c, sehemu ya POSIX inayoeleza nyuzi ziweje kwenye mifumo ya jamii ya Unix. Kiliagiza mambo ambayo leo yanaonekana ya kawaida. Nyuzi zote za mchakato mmoja zina namba moja ya mchakato. Ishara ya kusimamisha ikitumwa kwa mchakato, inasimamisha nyuzi zote. Mchakato ukijigeuza kuwa programu nyingine kwa mwito wa exec, nyuzi za zamani zote zinatoweka.

Linux wakati huo ilikuwa na mwito mmoja uitwao clone. Kazi yake ni kuzaa mchakato mpya, lakini kwa masharti unayoyataja wewe: ushirikiane na mzazi kumbukumbu au hapana, ushirikiane naye mafaili au hapana. Xavier Leroy, mtafiti wa taasisi ya INRIA nchini Ufaransa ambaye wengi wanamfahamu kwa lugha ya OCaml, aliuchukua mwito huo mwaka 1996 akajenga juu yake maktaba iliyoitwa LinuxThreads. Ilikuwa kazi ya kupongezwa, kwa sababu aliifanya kwa zana alizozikuta, bila kukidai kiini mengi mapya.

Zana zile zilikuwa na bei yake. Kwa kuwa kiini kiliona michakato tu, kila uzi ulipata namba yake, na nyuzi mbili za programu moja zikiuliza “namba yangu ya mchakato ni ipi?” zilipewa majibu tofauti. Ishara ya kusimamisha ilisimamisha uzi mmoja, nyingine zikaendelea na kazi. Ilibidi pia uwepo uzi wa ziada, msimamizi, ambaye kazi yake ilikuwa kuwazaa wenzake na kuwazika. Kila ombi la uzi mpya lilipitia kwake, kwa hiyo kwenye mashine yenye prosesa nyingi foleni ilijipanga mlangoni pa msimamizi mmoja, na mtu akimuua msimamizi huyo kwa amri ya kill, hapakuwa na wa kusafisha alichokiacha. Kwenye prosesa za Intel za biti 32 kulikuwa pia na kikomo cha nyuzi takriban 8,192 kwa mchakato, kwa sababu ya namna maktaba ilivyotumia jedwali la segimenti kuutambua kila uzi.

Kufikia 2002 hapakuwa na mtetezi mkubwa wa LinuxThreads. Ubishi ulikuwa ibadilishwe na nini, na hapo ndipo nadharia mbili zilipokutana uso kwa uso.

Nadharia ya kwanza ilikuwa na heshima kubwa vyuoni. Ilisema nyuzi za kiini ni ghali, kwa hiyo programu iwe na nyuzi nyingi, tuseme elfu moja, zinazosimamiwa na maktaba yenyewe, nazo zipokezane juu ya nyuzi chache za kiini, tuseme nne. Wenyewe huuita mpangilio wa M kwa N. Kubadilisha kutoka uzi mmoja kwenda mwingine kunafanyika ndani ya programu bila kubisha hodi kwenye kiini, na huo ni uharaka mkubwa. Solaris ya kampuni ya Sun ilitumia mpangilio wa namna hii tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 1991 Thomas Anderson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington walitoa andiko linaloeleza jinsi kiini kinavyoweza kuiarifu maktaba kila uzi unapozuiliwa au prosesa inapochukuliwa, ili maktaba ipange upya kazi zake. Ni andiko zuri mno, na nadhani uzuri wake ulichangia kuwashawishi watu kwa muda mrefu kupita kiasi. Kwa upande wa Linux, IBM iliongoza mradi wa NGPT uliofuata njia hiyohiyo.

Nadharia ya pili haikuwa na kitu cha kujivunia. Ilisema kila uzi wa programu uwe uzi mmoja wa kiini, basi. Aliyeisimamia alikuwa Ulrich Drepper, mtunzaji wa glibc, maktaba ya lugha ya C kwenye Linux, akishirikiana na Ingo Molnar, mwandishi wa kiini kutoka Hungaria. Wote wawili walikuwa Red Hat. Mradi wao uliitwa NPTL, ukatangazwa Septemba 2002.

Hoja yao dhidi ya M kwa N ilikuwa hii: fahali wawili hawakai zizi moja. Katika mpangilio ule kuna wapanga zamu wawili, mmoja kwenye kiini na mwingine kwenye maktaba, na kila mmoja anaamua bila kujua anachokijua mwenzake. Maktaba inaona uzi upi ni wa haraka lakini haijui prosesa ipi iko wazi. Kiini kinajua prosesa zote lakini hakijui kwamba uzi kinachoutoa kwenye prosesa ndio ulioshika kufuli, yaani kizuizi kinachoruhusu uzi mmoja tu kwa wakati kugusa kitu cha pamoja, linalosubiriwa na nyuzi mia mbili. Ishara nazo ni balaa: ikija ishara kwa mchakato, maktaba lazima iamue ni uzi upi uipokee, kazi ambayo kiini kingeifanya kwa urahisi kama kingezijua nyuzi. Unaweza kujenga daraja la mawasiliano kati ya wapanga zamu hao, lakini kila ubao unaoongeza unakula ule uharaka uliokufanya uichague njia hiyo.

Drepper na Molnar waliandika malengo yao kwenye waraka, na mpangilio wa malengo yale unafundisha mengi. Linalotangulia ni kufuata POSIX, kasi inafuata baadaye. Kisha matumizi mazuri ya prosesa nyingi, na gharama ndogo ya kuanzisha uzi, ili mtu asiogope kuanzisha uzi hata kwa kazi fupi. Kuna lengo ambalo mtu wa nje angelipita bila kuliona: programu inayounganishwa na maktaba ya nyuzi bila kuzitumia isilipe chochote. Mara nyingi programu huvuta maktaba ya nyuzi kwa sababu tu kuna maktaba nyingine inayoihitaji, na si haki kumtoza msafiri nauli ya basi ambalo hakupanda.

Lengo lililowabana zaidi, kwa maoni yangu, lilikuwa la kuendana na yaliyopita. Programu iliyotengenezwa kwa LinuxThreads ilipaswa kufanya kazi kwenye NPTL bila kutengenezwa upya, isipokuwa ile iliyotegemea zile tabia zilizokiuka POSIX. Benki au kampuni ya simu yenye programu iliyonunuliwa miaka mitatu nyuma haina chanzo chake. Haiwezi kuambiwa ianze upya kwa sababu wahandisi wamepata wazo bora. Mtu anayebuni mfumo mpya kabisa hana mzigo huu, na ndiyo sababu mifumo mipya kabisa huwa mizuri sana kwenye karatasi.

Ili malengo hayo yatimie, kiini chenyewe kilibadilishwa. Kiliongezewa dhana ya kundi la nyuzi, hivyo ukiuliza namba ya mchakato unapewa ya kundi, na kila uzi una namba yake ya ndani. Ishara zilihamia kwenye kiini. Ukaja mwito wa kufunga kundi zima kwa mpigo. Msimamizi aliondolewa kabisa, na kilichochukua nafasi yake ni kitu kidogo cha kupendeza: uzi unapozaliwa, maktaba inaweza kukipa kiini anwani moja ya kumbukumbu, na siku uzi huo utakapokufa kiini kitaandika sifuri pale na kumwamsha anayesubiri. Mazishi yote yamekuwa kuandika namba moja.

Molnar alikuwa pia ameandika kipanga zamu kipya ambacho muda wake wa kuchagua kazi inayofuata haukuongezeka kwa wingi wa kazi. Kile cha zamani kilipitia orodha nzima ya kazi zilizo tayari kila mara. Hapa ndipo msingi wa nadharia ya kwanza ulipobomoka, maana ilidhani kwamba ughali wa nyuzi za kiini ni jambo la maumbile, kumbe ulikuwa programu iliyoandikwa na watu. Katika jaribio lililotajwa sana wakati ule, kuanzisha nyuzi 100,000 kwenye mashine ya biti 32 kulichukua sekunde 2. Kwa kiini cha zamani kazi hiyohiyo ingechukua kama dakika 15.

Kufuli linastahili kuangaliwa kwa karibu, kwa sababu ndilo kiungo kinachotumiwa mara nyingi kuliko vyote. Kufuli la NPTL limejengwa juu ya futex, iliyoelezwa na Hubertus Franke, Rusty Russell na Matthew Kirkwood kwenye kongamano la Linux mjini Ottawa mwaka 2002. Futex ni namba kamili moja kwenye kumbukumbu. Katika umbo lake la kawaida, 0 maana yake kufuli liko wazi, 1 limefungwa na hakuna anayesubiri, 2 limefungwa na kuna anayesubiri. Uzi unaotaka kufunga unajaribu kubadilisha 0 iwe 1 kwa amri moja ya prosesa isiyoweza kukatizwa katikati. Ukifaulu, umemaliza, na kiini hakijui kwamba kuna kufuli lililofungwa. Ukikuta limefungwa, unaandika 2 kisha unakiomba kiini kikulaze hadi utakapoamshwa.

Kuna mtego hapo. Kati ya kuandika 2 na kulala, mwenye kufuli anaweza kulifungua na kupiga kengele ya kuamsha, nawe hujalala bado. Ukilala baada ya hapo, kengele imeshapita na hakuna atakayekuamsha. Kwa hiyo ombi la kulala huja na sharti: “nilaze iwapo namba hii bado ni 2.” Kiini hukagua namba na kukulaza kama tendo moja mbele ya wanaoamsha; ikiwa namba imebadilika, kinakurudisha ujaribu tena. Ni sharti la mstari mmoja, na pamoja na ufupi wake Drepper alilazimika baadaye kuandika makala nzima kuonyesha jinsi watu wanavyoweza kukosea kulitumia.

Kulikuwa na pengo moja kubwa katika NPTL ya mwanzo: mahitaji ya kazi zenye muda maalumu, zile ambazo jibu likichelewa halina faida. Dunia ilishaonyeshwa umuhimu wa jambo hilo miaka mitano kabla, na aliyeonyesha alikuwa kwenye sayari nyingine. Chombo cha Mars Pathfinder kilitua Mirihi tarehe 4 Julai 1997 na baada ya siku chache kikaanza kujizima na kujiwasha. Kilitumia mfumo endeshi wa VxWorks. Kazi ya kipaumbele cha chini, ya kukusanya takwimu za hali ya hewa, ilishika kufuli. Kazi ya kipaumbele cha juu, ya kusambaza data kwenye njia kuu ya chombo, ikalisubiri kufuli hilo. Katikati zikaingia kazi za mawasiliano zenye kipaumbele cha wastani, zikaisukuma pembeni ile ya hali ya hewa, ambayo sasa haikupata nafasi ya kufungua kufuli. Mkubwa akawa anamsubiri mdogo, na mdogo anazuiwa na wa kati. Kazi ya ukaguzi ilipoona data haijasambazwa kwa wakati, ikaamuru chombo kizima kianze upya.

Dawa ilikuwa imo ndani ya VxWorks: anayeshika kufuli aazimwe kipaumbele cha anayelisubiri hadi atakapoliachia. Kwenye kufuli lile chaguo hilo lilikuwa limezimwa. Wahandisi waliliwasha wakiwa duniani, na tatizo likaisha. Linux ilipata futex yenye kuazimana kipaumbele katika toleo la 2.6.18, mwaka 2006.

Ushindi wa NPTL ulikuja haraka. Red Hat Linux 9 iliibeba mapema 2003, NGPT ikaachwa katikati ya mwaka huo, na kiini cha 2.6 kikatoka Desemba. Solaris 9 ilikuwa imeshahamia uzi kwa uzi mwaka 2002 baada ya kuishi na M kwa N kwa muongo mzima. FreeBSD na NetBSD walijaribu njia ya kuarifiana kati ya kiini na maktaba, nao wakaiacha miaka michache baadaye.

Ungetarajia M kwa N iwe imezikwa hapo. Lakini lugha ya Go ilipotoka mwaka 2009 ilikuja nayo, na Java ikaikaribisha tena mwaka 2023 katika toleo la 21. Sababu ni kwamba malengo yamebadilika. Staki ya uzi wa kawaida kwenye Linux hutengewa MB 8 za anwani, hata kama RAM inayotumika ni kidogo kuliko hapo, wakati uzi wa Go huanza na KB 2 na kukua kadiri unavyohitaji. Mwenye seva inayohudumia wateja laki tano waliotulia tu wakisubiri ujumbe huona tofauti hiyo mara moja. Vilevile Go haikubanwa na POSIX, haikuwa na programu za zamani za kuzilinda, na inadhibiti kompaila yake, hivyo inajua ni wapi pa kuusimamisha uzi salama. Drepper hakuwa na hata kimoja kati ya hivyo, na wala Go haijathibitisha kwamba alikosea. Hata nyuzi za Go hatimaye hupanda juu ya nyuzi za kiini, zilezile zinazozaliwa kwa clone na kulala juu ya futex.

LinuxThreads iliondolewa kwenye glibc kuanzia toleo la 2.4 mwaka 2006. Mwaka 2021, katika toleo la 2.34, maktaba ya nyuzi iliunganishwa na maktaba kuu ya C, kwa hiyo leo hakuna programu ya C kwenye glibc isiyo na nyuzi mkononi, izitumie isizitumie. Kama una mashine ya Linux karibu, fungua terminali uandike getconf GNU_LIBPTHREAD_VERSION. Ikiwa inatumia glibc, jibu litaanza na herufi NPTL.